Damu ya Mkwe

Ninafundisha Kiingereza katika chumba kilicho nyuma ya kanisa, hapa Manika, mjini Kolwezi, na swali ninaloulizwa kuliko yote halimo katika kitabu chochote cha sarufi. Wanafunzi wangu ni watu wazima: madereva, makarani, mafundi wa mitambo, na mama mmoja anayeuza simu. Wote wanataka kazi kwenye makampuni ya shaba na kobalti, na wote wamewahi kusikia wasimamizi wageni wakifoka huko machimboni. Basi kila darasa jipya likianza, lazima mmoja atainua mkono. "Mwalimu, bladi ni nini?"

Mwanzoni nilikuwa nikijibu kama kamusi. Nilisema neno hilo linatokana na damu, kitu kilicholowa damu ni bladi, haya, tuendelee na somo. Wakanitazama kwa huruma. Dereva mmoja anayepeleka malori Zambia akasema, "Mwalimu, kule banasemaka bladi lori, bladi mvula, bladi mupaka. Sasa mu mvula damu iko wapi?" Nilirudi nyumbani nikiwa nimenuna, nikawaza mpaka chakula kikapoa, na kesho yake nikaanza upya.

Siku hizi nina somo zima la neno hilo, na nalipenda kuliko masomo yangu yote. Nawaambia kwamba Mwingereza akikasirikia lori, analipaka damu kwa mdomo ingawa hakuna aliyejeruhiwa. Akifurahi, analitumia vilevile: chakula kikimnogea, kinaweza kuwa kitamu cha bladi. Ni kama pilipili, haina chakula chake maalumu. Nawaambia pia kwamba zamani lilikuwa neno la aibu, watu wenye adabu walikuwa wanaziba masikio, na kwamba hata leo halisemwi kila mahali wala kwa kila mtu. Hapo ndipo wanaponitoa jasho, kwa sababu wakishalijua hawaliachi. Mmoja aliingia kwenye usaili wa kazi katika machimbo ya Mutoshi akamwamkia bosi "bladi gudi moningi". Alirudi akatuambia mzungu alicheka mpaka akakaa chini. Kazi hakupewa.

Maoni yangu ni kwamba neno hilo limekauka. Limetamkwa ovyo mpaka damu yote imelitoka. Damu yetu sisi bado ni mbichi. Mtu akisema huyu ni damu yangu, hapo mzaha umekwisha. Watu wawili wakishindwa kuelewana bila sababu, tunasema damu zao hazipatani, na tunawaacha, kwa kuwa hilo halina dawa. Asiyependwa na yeyote tunasema ana damu ya kunguni. Hakuna mtu Kolwezi nzima atakayeitia mvua damu kwa sababu tu imemlowesha. Uzito wa neno hili nilifundishwa na mama mkwe wangu, mtu ambaye kwa miaka yote ya ndoa yangu sikuwahi kumtazama usoni.

Naomba nieleze, maana wageni wakisikia hivyo hudhani tuligombana.

Familia ya mke wangu asili yake ni Kasai. Babu yao aliletwa kwa treni kuchimba shaba, na wajukuu wakawa makarani na wafanyabiashara, watu wa kanisa na wa viatu vilivyong'arishwa. Mengi ya huko kwao wameyasahau. La ukwe hawakulisahau. Kwao mkwe wa kiume na mama mkwe hawatazamani, hawapeani mikono, hawakai benchi moja, na zaidi ya yote hakuna anayekula mbele ya mwenzake. Si chuki hata kidogo. Ni heshima kubwa mno inayohitaji nafasi. Kwetu sisi, watu wa kaskazini ya Katanga, mila hiyo tunaijua, ila tumeilegeza. Kaka yangu hucheza dansi na mama mkwe wake kwenye harusi, na wote wawili hucheza vibaya.

Wangu si wa dansi. Anauza vitenge kwenye soko la Manika, na nikitokea tu, wanawake wa meza za jirani walikuwa wakipiga kelele, "Mukwe anakuya!" Hapo hapo alivuta kitambaa akafunika kichwa, akageukia ukuta, akaanza kuuliza ukuta bei ya kabeji. Nikienda kwake, nikiingia kwa mlango wa mbele, yeye alikuwa anatoka kwa mlango wa jikoni. Kanisani alikaa mbele upande wa kina mama, nami nyuma kabisa. Nilichokijua kwake ni mgongo, visigino, na sauti. Sauti yake ilikuwa nzuri ajabu, nene na tulivu, kama ya mtu anayehesabu mali yake na kuona haijapungua.

Kwa sauti hiyo tuliishi vizuri. Tulikuwa tunaongea kupitia kwa mke wangu, hata wote watatu tukiwa tunasikiana. Yeye upande mmoja wa ukuta: "Umwambie mukwe wangu, paa ya choo inavuja." Mimi upande wa pili: "Umwambie mama, nimesikia, nitakuja Jumamosi." Mke wangu katikati aliendelea kumenya mihogo, hakujisumbua kurudia hata neno. Tuliwahi kujadili ada za shule, wanasiasa, na mahubiri ya mchungaji kwa namna hiyo, mchana mzima, tukacheka kila mtu upande wake.

Rafiki zangu walinionea wivu. Mama zao wakwe huwaambia wamenenepa, au wamekonda, au wamekuwa wavivu. Mimi hakuna aliyeniambia kitu. Lakini sitasema uongo: kuna siku iliniuma. Mtoto wetu wa kwanza alipozaliwa, nilitamani sana kuuona uso wa bibi yake anapompokea. Nilisimama nyuma ya mlango nikamsikia akicheka na kulia kwa pamoja, na nikalazimika kuukisia huo uso kichwani mwangu.

Halafu akaanza kuishiwa damu.

Alificha muda mrefu, kama wafanyavyo mama wote wa soko. Wanawake wa meza za jirani walipoona viganja vyake vimekuwa vyeupe, walimwanzishia dawa zao: nyanya ya kopo iliyokorogwa kwenye maziwa, matembele asubuhi na jioni, na vile viazi vyekundu vinavyotia meno rangi. Alikunywa na kula vyote. Siku moja akaanguka juu ya vitenge vyake, na ndipo wakamleta hospitalini, kwa pikipiki, mmoja akiwa amemshika kwa nyuma.

Daktari alisema ni uvimbe kwenye kizazi, na huo ndio uliokuwa unamnyonya damu. Dawa yake ni kupasua. Alimwita mke wangu pembeni, nami nikasimama karibu nisikie. "Mama, uvimbe si shida, tutautosha mu tumbo," alisema. "Shida ni damu. Iko nayo kidogo sana. Tukimupasua hivi, atafia pale pale ku meza. Mutafute damu kwanza."

Katika friji ya hospitali damu ilikuwepo, ila ya kundi lake hapana. Kwa hiyo ndugu wakaitwa kupimwa. Shemeji yangu mkubwa alikuwa ametoka tu kuugua malaria, wakamkataa. Mdogo wake akapimwa, kundi likawa jingine kabisa, lisilomfaa mama yake. Mke wangu alikuwa ananyonyesha. Mjomba wao, kaka mkubwa wa mgonjwa, alikuwa amefika kutoka Lubudi juu ya lori la mahindi, lakini umri wake ulikuwa umepita. Nikanyoosha mkono wangu nami, kwa kutimiza wajibu tu, nikiwa na hakika kwamba haitawezekana.

Mtu wa maabara alitoka akitabasamu kama aliyeshinda bahati nasibu. "Damu ya huyu baba inaenda muzuri!" alisema, akininyooshea kidole. "Ni mwana yake?"

"Ni mukwe," mke wangu alijibu.

Tabasamu likamwisha. Na yeye asili yake ilikuwa Kasai.

Nyuma ya hospitali kuna kibanda ambapo ndugu wa wagonjwa wanapika. Tulikaa hapo, kati ya mbabula, yale majiko ya makaa, na sufuria za watu wengine, na mjomba akachukua neno. Ni mstaafu wa reli, mrefu, mwenye koti la suti hata kwenye joto. Simchukii. Siku hiyo nilikaribia.

"Docteur anajua kazi yake," alianza. "Mi najua bukwe. Muniambie: damu ya huyu ikiingia mu dada yangu, dada yangu anakuwa nani yake? Anakuwa ndugu yake. Na kama ni ndugu yake, bibi mwenye alioa ni nani? Ni mutoto ya ndugu yake! Sasa, mutu anaoaka mutoto ya ndugu yake?"

Mama mmoja wa familia nyingine, aliyekuwa anasonga bukari pembeni, aliacha mwiko hewani. Shemeji zangu wakatazama chini. Nikaelewa kwamba hakuna anayecheka, na kwamba mzee huyu anaweka kwenye mizani maisha ya dada yake na ndoa yangu, na anaona kweli kwamba zote mbili hazitatoka hapo salama.

Damu ilinichemka. Nilisimama, nikapiga teke kibao cha kukalia, nikasema lile neno. Nililisema kwa sauti, kwa Kiingereza, mara moja tu, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nje ya darasa. Nakiri lilinipoza kidogo.

"Ni nini ile anasema?" mjomba akauliza.

Shemeji mdogo aliwahi kukaa katika darasa langu, muda mfupi, mpaka alipochoka. "Anasema damu, mu kizungu," alijibu haraka.

Mjomba akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Ndiyo ile mi nasema."

Shemeji mkubwa akaja na wazo. Tumwambie mama damu imetoka kwenye friji. Nani atajua? Mfuko ni mfuko. Wazo lilimpendeza kila mtu, hata mjomba alianza kulainika, na mimi nililiunga mkono kwa moyo wote, maana nilikuwa naogopa. Niliogopa atakufa kwa ajili ya adabu. Mke wangu ndiye aliyekataa. Alikuwa amekaa na mtoto kifuani, hakupandisha hata sauti. "Mama hajawahi kunidanganya," alisema. "Mi sitamutia uongo mu mishipa. Tumuulize."

Tukaenda kumwuliza.

Wodi yake ilikuwa na mlango unaofungukia kwenye korido. Mimi nilisimama koridoni, mgongo ukutani, mahali ambapo hangeweza kuniona. Mke wangu akasimama mlangoni, mguu mmoja huku, mguu mmoja kule. Mjomba akaingia ndani, akakaa kwenye kiti, akavua kofia.

Mke wangu akamweleza mama yake yote, bila kupunguza. Halafu ikaja ile sauti, ambayo sasa ilikuwa nyembamba mpaka niliinamisha kichwa ili niisikie.

"Mukwe wangu iko wapi?"

"Iko pale nje, mama."

"Anasimama?"

"Anasimama."

"Umwambie akae. Atachoka."

Nikakaa chini, sakafuni. Wauguzi walinivuka kama gunia. "Umwambie mama nimekaa," nikasema.

"Umwambie aksanti," alisema. "Umwambie iko na roho muzuri. Lakini damu yake sitaitwaa."

"Mama!" mke wangu akasema.

"Sikia. Miaka yote mi namuheshimuka. Akipita, ninajifunika. Akiingia, ninatoka. Sasa akiwa mu mwili yangu, nitajifunika namna gani? Nitatokea mulango gani?" Akapumzika, akavuta pumzi. "Mutu mwenye iko ndani yako, unamuheshimu namna gani? Nitakosa haya mbele yake. Na mi nikikosa haya, yeye atabaki na mama mukwe wa namna gani?"

Nilikuwa nimejiandaa kubishana na ushamba. Hilo silo nililolisikia. Mwanamke huyu alikuwa anakufa na jambo lililomsumbua ni kwamba asije akanipunguzia heshima yangu. Mimi, ambaye nalipwa kuongea, nilikaa sakafuni nikikuna goti. Mwishowe nikasema, "Umwambie mama, mimi heshima ninayo ya kutosha. Ila mama mkwe wa pili sina."

Kwa mara ya kwanza mke wangu alirudia maneno yangu, neno kwa neno, ingawa mama yake alikuwa ameshayasikia. Halafu akaongeza ya kwake.

"Mama, na huyu?" Akamwinua mtoto wetu mdogo, aliyekuwa amelala. "Huyu damu yake ni ya nani? Nusu ni ya kwako, ilipita kwangu. Nusu ni ya mukwe wako. Ziko pamoja mu mwili moja, zinalala pamoja, zinanyonya pamoja, na hakuna mwenye kukosa haya. Kila siku unambusu. Sasa unabusu nini?"

Nilimsikia mjomba akikohoa. Halafu nikasikia kicheko, kidogo sana, cha mtu asiye na nguvu za kucheka, na nikajua tumeshinda.

"Huyu binti yangu anasoma wapi kuongea hivi?" mama mkwe wangu akauliza.

"Ni bwana yake, ile mwalimu," mjomba akasema kwa uchungu.

Alikubali, ila alitaka jambo moja. Mfuko wa damu usiletwe mbele yake wazi. Ufunikwe, kama yeye mwenyewe anavyojifunika. Akamtuma binti yake achukue kitambaa chake cha kichwa, kile cha buluu, kilichokuwa juu ya kabati.

Katika kutoa damu kwenyewe sikuwa shujaa. Nilipoingia maabara nilikuwa namtania yule mtu, nikamwambia achukue nyingi, ya mwalimu haina kazi. Nilipoiona sindano nikaacha utani, nikaitazama dari, nikaanza kutaja vitenzi vya Kiingereza kwa mpangilio mpaka akaniambia imekwisha. Alinipa soda na biskuti, nikavila kama mtoto aliyechomwa chanjo. Mfuko ulipokuwa tayari, mke wangu akaukunja ndani ya kile kitambaa cha buluu, vizuri, ukawa kama mtoto mchanga.

Muuguzi aliyeupokea alikuwa mama mnene kutoka kwetu kaskazini, mwenye rozari shingoni. "Juu ya nini munaifunika?" aliuliza kwa ukali. "Mi napashwa kuangalia namba."

"Ni ya mukwe wake, mama," mke wangu akasema.

Ukali ukamtoka. "Ah. Ya mukwe." Akafunua ukingo mmoja, akasoma alichotakiwa kusoma, akafunika tena, akapiga fundo mwenyewe, na hata alipoutundika mfuko juu ya kitanda aliuacha na nguo yake. Kila alipokuja kukagua, aliinua pembe ya kitambaa kama mtu anayechungulia sufuria. Nilisimuliwa hayo. Mimi nilikuwa koridoni, sakafuni, mahali pangu.

Walimpasua kesho yake. Tulikaa kwenye kile kibanda cha kupikia siku nzima bila kupika. Mjomba hakuongea na mimi, ila aliponiona natetemeka alivua koti lake la suti akanitupia mabegani, akatazama pembeni. Daktari alitoka akijifuta mikono, akasema mama amevumilia, damu imefanya kazi yake. Mke wangu akaniangukia kifuani. Mjomba akapiga magoti kwenye majivu ya mbabula, akasali Baba Yetu kwa Kiluba cha Kasai, mpaka mwisho, kwa sauti iliyowafanya watu wa vibanda vingine waitikie amina.

Jioni ile, kwenye chupa yake ya pili ya bia, mjomba alitoa uamuzi. Ndoa yangu ni salama. "Damu iliingia na heshima yake," alisema. "Ilifunikwa. Haikumuona dada yangu, dada yangu hakuiona. Bukwe haina kitu." Nilimnunulia ya tatu.

Ningependa kusema kwamba baada ya hapo yote yalirudi kama zamani. Hayakurudi. Mama mkwe wangu alipona, akarudi nyumbani, akaanza kunenepa, baadaye akarudi sokoni kukaa saa chache mbele ya vitenge vyake. Lakini ile sauti aliniondolea. Nilipokwenda kwake, hakutoka tena kwa mlango wa jikoni akaongea nasi kupitia ukuta. Alikwenda kwa jirani, akakaa huko mpaka niondoke. Sokoni hakuuliza tena ukuta bei ya kabeji. Aliacha meza kabisa. Nilimtumia maneno kupitia kwa mke wangu na majibu hayakuja. Aliyoyasema pale kitandani yalikuwa kweli kwake: hakujua tena atajificha wapi mbele yangu, kwa hiyo alijificha mbali zaidi.

Nilijifanya sijali. Darasani nilifanya mizaha kuliko kawaida. Lakini nilikuwa nimempenda mwanamke huyo kwa sikio, miaka yote hiyo, na sasa nilikuwa nimempa damu nikapoteza sauti. Mke wangu alisema nimpe muda. Nilimwambia muda ninao, ninachokosa ni mama. Alinitazama kwa mshangao, na mimi pia nilishangaa kujisikia nikisema hivyo.

Miezi ilipita. Asubuhi moja mke wangu alikwenda kununua mkate akasahau simu yake jikoni. Ikalia. Mimi nilikuwa natafuta soksi, nikaiokota bila kuangalia jina, nikasema alo.

Kisha nikasikia pumzi, na nyuma yake kelele za soko, na mtu akitangaza samaki. Nikamjua. Adabu ilinitaka nikate, na yeye ilimtaka akate, na hakuna aliyekata. Nilishika simu kwa mikono miwili.

"Mama," nilisema, "binti yako ametoka kidogo."

Mwenye samaki alitangaza bei mara mbili. Nilidhani amekwenda.

"Mwana wangu," akasema ile sauti, nene, tulivu, karibu kabisa na sikio langu, bila ukuta na bila mtu katikati. "Unakula?"

"Bado, mama."

"Kula basi. Damu haitokake mu hewa."

Akakata. Kulikuwa na bukari ya jana kwenye sufuria, baridi, imekauka juu. Niliila yote, nimesimama pale jikoni na soksi mguu mmoja, huku machozi yananitoka.